Beau-fils ya Mufumaji

Siku ya kwanza tuligombana juu ya vumbi.

Kampuni ya titres-services ndiyo ilinituma kusafisha kwake, masaa tatu kila mardi, siku ya Jumanne, mu moja ya zile nyumba ndefu za zamani za Saint-Gilles zenye balikata vipande vipande, kila étage na kengele yake. Kiwanda ya magari ya Forest ilikuwa imefungwa, papa alikuwa amerudi nyumbani na viatu vyake vya kazi mu sachet, na miye nilikuwa ninakamata kazi yoyote yenye ilipita mbele yangu. Muzee mwanamuke mwenye alinifungulia mulango alikuwa Mwingereza, miaka makumi munane na moja, mwembamba, nywele nyeupe amekata fupi kama askari. Alikuwa traductrice maisha yake yote hapa Bruxelles, kutoa maneno mu Kifaransa na kuitia mu Kiingereza, donc Kifaransa yake ilikuwa safi kupita yangu. Akanionyesha jikoni, akanionyesha douche, akanionyesha salon. Hakuniambia kama meza ya salon haiguswi.

Miye nikaona meza kubwa, makaratasi ovyo-ovyo, vumbi juu yake. Nikapanga yote vizuri, kubwa chini, ndogo juu, nikapanguza meza mpaka ikaanza kung'aa. Nilikuwa ninajisifu mu roho.

“Nani alikuambia uguse?”

“Hakuna mwenye alinikataza, Madame.”

“Iliandikwa hapo! Herufi kubwa! Ne pas toucher!”

“Wapi?”

Akakamata karatasi moja juu ya lundo, akaisimamisha mbele ya uso wangu. Ilikuwa fotokopi nyeusi-nyeusi, imejaa mikia na kulabu.

“Hii, Madame? Hii ni mende ilianguka mu wino, ikaanza kutafuta njia ya kutoka.”

Nilikuwa nimekwisha kupandisha sauti, juu miye niko vile, damu inachemuka mbele ya akili. Halafu nikaona kitu. Karatasi yenye alikuwa ananionyesha haikuwa ile ya Ne pas toucher. Ile ya Ne pas toucher ilikuwa chini kabisa, miye mwenyewe ndiye niliiweka chini. Alikuwa ananipigia kelele na karatasi ingine mu mukono, na hakujua.

Nikanyamaza. Akajua kama nimejua.

“Ninaona pembeni,” akasema. “Katikati inakufa. Wewe, kwa mufano, uko na masikio mawili mazuri sana. Uso, hakuna.”

“Hapo uko na bahati, Madame. Masikio njo kitu bora niko nayo.”

Akacheka. Alikuwa na kicheko ya ghafla, kama muntu mwenye amekanyagwa mguu. Akaniambia nirudi mardi yenye inakuya, na mbele ya kugusa aspirateur, ile mashine ya kuvuta vumbi, nikae ku meza.

Makaratasi ile ilikuwa ya ukoo wake. Miaka kumi na miwili alikuwa anarudi nyuma, muzazi kwa muzazi, mu kijiji kimoja ya mashariki ya Angleterre, mpaka quatre cents ans, miaka mia ine na kitu. Ilikuwa ya aina mbili. Kuna vitabu vya parokia: padiri anaandika nani alibatizwa, nani alioa, nani alizikwa, mustari moja-moja, basi, hana maneno mingi. Na kuna testaments. Wacha niseme wazi, testaments ndizo ziliniiba roho. Muntu wa kawaida, kalamu hajui, amelala mu kitanda na anajua kama hataamuka. Anaita jirani mwenye anajua kuandika. Anaanza kusema: roho yangu kwa Mungu, mwili wangu kwa udongo wa kanisa, sufuria kubwa kwa binti wa kwanza, kondoo wawili kwa wa pili, shuka, kiti yenye mugongo, kofia ya kwenda nayo kanisa dimanche. Siye tulifikiri bazungu bote ba zamani balikuwa bafalme na makola ya dentelle. Hapana! Balikuwa bantu ba kuhesabu shuka. Mbele ya kufa bo banafikiria nani atalalia nini. Niliwaheshimu palepale.

Yeye mwenyewe hakuzaa. Dada na kaka hakuwa nao tena, kaka yake alikufa, kulibakia batoto ba kaka kule Angleterre. Alitaka kubaachia karatasi moja kubwa, ukoo wote juu yake, umekamilika. Na munganga wa macho alikuwa amemwambia ile kidogo yenye inabakia pembeni haitafika mbali. Donc alikuwa ana haraka, na kulikuwa fasi moja tu yenye ilimukatalia.

Mbele ya kufika ile fasi, nieleze namna tulifanya kazi, juu sijaona muntu mwingine anafanya vile.

Mardi ya pili nilikaa, nikakamata loupe, kioo ya kukuza herufi, nikaanza kukisia. Kiingereza yangu niliipata peke yangu, mu mavideo ya mupira na mu manyimbo, hakuna mwalimu mwenye alinigusa. Nikaona neno, nikasema, “Hii ni ‘house’.”

“Usisome,” akasema.

“Madame ulisema nisome.”

“Sikusema. Nilisema uniambie unaona nini. Fimbo ngapi? Mikia inaenda wapi?”

“Fimbo moja ndefu, inashuka chini ya mustari, inarudi kushoto kama muntu amesahau funguo.”

“Hiyo ni h. Endelea.”

“Kakitu kadogo, imegeuka, mugongo ku upande mubaya.”

“E. Zamani e ilikuwa inaangalia nyuma. Endelea.”

Miye niliona picha, yeye aliona herufi. Miye niliambia, yeye alisikiliza na macho amefunga, na neno ikatoka. Kama nilijaribu kukimbia mbele, alipiga meza na kidole. Alikuwa ananieleza kama bale benye banajua Kiingereza sana ndio banaharibu, juu banaona mwanzo ya neno na kichwa inamalizia yenyewe. “Wewe hujui kitu,” aliniambia siku moja, na sura ya muntu mwenye anatoa médaille. “Ni nafasi nzuri sana, usiiharibu.” Muntu mwingine angeniambia vile ningemurukia. Kwake nilikaa muzuri, nikavuta kiti.

Na nilijifunza. Ku nyumba nilikuwa ninaandika alphabet ile nyuma ya maticket ya magasin. Nikaandika hata liste ya marché vile, papa akaenda nayo ku marché ya Flagey dimanche asubui, akarudi bila nyanya, bila kitunguu.

“Mama ya mboga amenituma ku pharmacie,” akasema. “Anasema hii ni ordonnance ya munganga, na anasema nijikaze.”

Yeye, Madame, hakuchoka. Testament moja tuliipitia mara tatu, mara ine. Kama neno ilikataa, aliniambia niache nafasi tupu, nisitie kitu. Niko na batu benye ninajua, benye hawawezi kuacha nafasi tupu hata mu mazungumuzo, na wa kwanza ni miye. Yeye aliweza kukaa na shimo mu mustari miezi mitatu, hana shida. Fotokopi yake moja, ya kitabu ya mazishi, ilikuwa na shimo ya kweli, panya alikula zamani, na yeye alikuwa amehesabu ni maiti ngapi panya alikula. Sita. “Bane ba kawaida, babili wanaweza kuwa ba kwangu,” alisema. Mu boutique ya fotokopi kijana mumoja alimucheka siku moja mbele yangu, anauliza kama bibi anataka kuchapa vivuli. Nilimuambia maneno yenye sitaandika hapa. Madame alinivuta shati mpaka inje.

Fasi yenye ilimukatalia ilikuwa hii.

Kule juu kabisa ya karatasi yake kulikuwa kijana mumoja, babu wa mababu, tate wa matate yake, mwenye alizaa batoto mu ile kijiji. Batoto bake balibatizwa bote, padiri aliandika. Lakini padiri ule aliandika jina ya baba tu, ya mama hapana. Na kijana mwenyewe hakuzaliwa mu ile parokia, ametokea tu, tayari mukubwa. Kitu moja ilimufunga na kijiji: testament ya mufumaji wa vitambaa, muzee mwenye alikufa mu ile miaka, na mu testament ile mufumaji anamuita kijana “son in law”. Mukwe wake. Basi Madame akasema, vizuri, kijana alioa binti ya mufumaji, na mufumaji ni tate wangu kupitia kwa binti. Ilibakia kupata ndoa yao mu kitabu. Miaka kumi na miwili alitafuta ile ndoa. Parokia ile, parokia za pembeni, parokia za mbali. Hakuna.

Na mufumaji, alimupenda. Hakuficha. Alijua kitanda yake, alijua mbuzi yake haikuwa ya kukamuliwa tena, alijua shuka moja ilikuwa imeshonwa. Alikuwa anasema “mufumaji wangu” kama vile maman yangu anasema “padiri wangu”.

Mardi moja mvua ilipiga, aspirateur ilikuwa tayari mu corridor, akaniambia: leo hakuna herufi. Umefika fasi ya kusoma. Soma testament ya mufumaji yote, kwa Kifaransa, unifurahishe.

Nilisoma kama minister. Roho kwa Mungu, mwili kwa udongo. Kwa binti yangu sufuria ya shaba na kondoo wawili. Kwa mutoto wangu mwanaume nyumba na shamba ndogo ya nyuma. “Na kwa beau-fils wangu,” nikatamka jina ya kijana, “métier ya kufuma yenye inasimama mu chumba ya kazi, na vyombo vyake vyote, juu ya mapendo yenye alinionyesha mu ugonjwa wangu.”

“Muzuri,” akasema. “Kidogo mashariki ya Kongo mu matamshi, lakini muzuri.”

“Madame, kijana alikuwa na miaka ngapi mama yake alipoolewa na mufumaji?”

“Mama gani?”

“Mama ya beau-fils.”

“Mama yake hana kazi hapa. Beau-fils maana yake gendre, mukwe. Alioa binti.”

“Ah bon. Miye nilifikiri beau-fils kama miye.”

“Kama wewe namna gani?”

Nikamueleza. Baba mwenye alinizaa alipotea kule Kivu mbele nijue uso wake. Papa alioa maman niko mudogo, ninatembea bado na kushika ukuta. Tulipofika Bruxelles, papa alinipeleka ku commune, ofisi ya serikali ya mutaa, kuandikisha. Monsieur wa guichet anauliza, huyu ni fils wako? Papa anasema ndiyo. Monsieur anaangalia makaratasi, majina haifanani. Anasema, “Ah. Beau-fils, donc.” Na papa, Kifaransa yake ilikuwa ya kanisa na ya radio, alisikia ‘beau’, muzuri, na ‘fils’, mutoto, akafikiri monsieur ananisifu uzuri. Akajibu, “Merci, monsieur. Anafanana na mama yake.”

Madame alicheka mpaka akashika meza. Nikaendelea: papa alitembea njia yote ya kurudi akiambia bantu, hata muzungu wa commune ameona mutoto wangu ni muzuri. Alipokuya kujua maana ya kweli, alikataa. Mpaka leo anasema, miye niliitika ile “beau”, ingine ni shida yao.

Alikuwa bado anacheka, halafu kicheko ikakatika kati.

“Rudia,” akasema.

“Nini?”

“Neno. Kwa Kifaransa neno moja inabeba bantu babili.”

“Eh. Bwana ya binti yako, na mutoto mwenye bibi yako alikuya naye. Bote ni beau-fils. Ni Kifaransa, Madame, si miye nilitengeneza.”

Akasimama. Akaenda mpaka chini ya dirisha na mukono mbele, akapapasa dictionnaire yake ya Kiingereza, ile ya volumes mingi, nzito kama tofali ya parpaing. Akahesabu na vidole, akatoa moja. “Tafuta. Son-in-law. Soma mpaka chini, mpaka maandishi madogo.”

Nikasoma mpaka maandishi madogo. Kule chini iliandikwa kama zamani, kwa Kiingereza pia, neno ile ilibeba bantu babili. Mukwe. Na mutoto wa bibi.

“Nilijua,” akasema polepole. “Nilisoma ile kitu fasi fulani, mwaka wa kwanza. Nilijua, jeune homme! Lakini nilikuwa nimekwisha kumupenda, sikutaka kusikia.”

Akaniambia nitoe ukurasa ya ndoa ya mufumaji mwenyewe, ile ya pili, bibi wa kwanza alikuwa amekufa. Ilikuwa pale. Tuliipitisha mbele ya macho mara mingi. Mufumaji alioa mujane. Na mujane, jina yake ya bwana wa kwanza, herufi kwa herufi, ilikuwa jina ya kijana. Pembeni, Madame alikuwa ameandika kwa crayon miaka ya nyuma: cousine? Alifikiri mujane ni ndugu tu wa kijana.

Dakika tano. Miaka kumi na miwili, halafu dakika tano. Miye nilikuwa nimesimama, nilitaka kucheza. Nilimuangalia ili tucheze pamoja, nikaona amekaa, mikono juu ya magoti.

“Basi si wangu,” akasema.

“Nani?”

“Mufumaji. Kijana alikuya na mama yake. Damu ni ya bwana wa kwanza. Miaka yote hii nimetunza mugeni.”

“Mugeni?”

“Lazima nimutoe ku karatasi.”

“Umutoe wapi, Madame? Amemulea kijana! Amemufundisha kazi!”

“Généalogie ni damu, jeune homme. Si roho muzuri.”

Hapo nilichemuka. Ninakumbuka maneno yangu na ninaona haya, lakini si mingi. Nilimuambia: kwa hiyo papa yangu ni mugeni? Papa mwenye alisimama ku chaîne ya kuunganisha magari mpaka magoti ikamalizika, juu nikule, nivae, ni mugeni? Papa mwenye alikuya ku réunion za masomo wakati miye sikukuya? Sema tena ile neno. Sema!

“Sikusema juu ya papa yako.”

“Ulisema juu yake! Ulisema juu yake kabisa!”

Nikatupa torchon ya kupanguza mu évier ya jikoni, nikashuka ngazi, na mu njia yote mpaka Forest nilikuwa ninagombana na yeye peke yangu, kwa sauti, na ninashinda.

Papa alikuwa ku nyumba anatengeneza mulango ya armoire yenye haikuharibika. Toka kiwanda ifungwe alikuwa anatengeneza bintu bizima. Nikamuambia yote bila kuvuta pumuzi. Alisikiliza na tournevis mu mukono.

“Ulimupigia kelele muzee kipofu,” akasema, “juu ya muzungu mwenye alikufa quatre cents ans.”

“Papa, alisema weye ni mugeni.”

“Ananijua?”

“Hapana.”

“Basi niko mugeni. Aspirateur uliiacha wapi?”

“Nini?”

“Aspirateur. Ulikuwa ku kazi, ao?”

Nikafikiri. “Mu corridor.”

“Na kamba yake?”

Kamba nilikuwa nimeivuta toka jikoni mpaka salon, kama mutego. Papa alikuwa tayari anavaa koti.

“Kaa ujue,” aliniambia mu njia, ananikimbiza na magoti yake ile ile mabaya, “kama huyu maman ameanguka, miye si papa yako tena, uende ukatafute ule mwingine.”

“Papa!”

“Tembea.”

Hakuwa ameanguka. Alitufungulia, aspirateur ilikuwa mahali yake na kamba imekunjwa vizuri kupita vile miye ninaikunja. Papa akatoa kofia.

“Maman, pardon. Mutoto wangu iko na hasira ya mama yake.”

“Na masikio?” akauliza Madame.

“Masikio pia.”

Akatuingiza. Papa alikaa ku ncha ya kiti kama ku bureau ya immigration, anaangalia makaratasi na hagusi kitu. Papa ndiye alianza, juu alikuwa anataka kujua: huyu mufumaji aliacha nini? Nikamusomea testament yote kwa Swahili, polepole. Sufuria. Kondoo. Nyumba. Métier ya kufuma.

“Simama,” papa akasema. “Métier ni nini? Ni kamashine?”

“Si kamashine, papa. Ni kubwa, inajaza chumba. Ya mbao.”

“Na alikuwa na mutoto mwanaume wa damu?”

“Ndiyo. Alimupa nyumba.”

“Lakini mashine kwa huyu.”

“Kwa huyu.”

Papa akageukia Madame, akasema kwa Kifaransa yake, akitafuta kila neno: “Maman, miye nilifanya kazi ku mashine. Yangu nilijua sauti yake. Kama ilikuwa mugonjwa, nilisikia mbele ya chef. Siku balifunga, haikuniuma kwa kiwanda, iliniuma juu sikuona mutu wa kumuachia ile mashine. Muntu anaweza kumupa mutoto wake nyumba sababu ni mutoto wake. Mashine unamupa mwenye ulimufundisha mukono.”

Sikujua ile kitu juu ya mashine yake. Miaka mingi mu nyumba moja, sikuijua.

Madame alikuwa amegeuza kichwa pembeni, ile namna yake ya kumuangalia muntu. Akaniambia nitoe ubatizo wa batoto ba kijana. Ukurasa ile niliijua, tuliipitia mara mingi. “Wa kwanza,” akasema. “Niambie unaona nini.”

Niliona jina. Ilikuwa jina ya mufumaji, ile yake ya ubatizo, jina ya ajabu kidogo ya mu Agano la Kale, ya kwake peke yake mu kijiji yote.

“Siku zote nilijua ile jina,” akasema. “Nilisema, bon, mutoto wa kwanza anapewa jina ya tate wake, ni desturi, kila mutu anafanya vile. Sikuitazama hata mara moja.” Akapiga meza na kidole, lakini si juu yangu. “Lakini huyu hakuwa tate wake. Hakuna mwenye alimulazimisha. Ule kijana aliweza kumupa mutoto jina ya baba yake wa damu, na alichagua.”

“Siye tunasema ndoyi,” papa akasema. “Mutoto anabeba jina yako, ni ndoyi yako. Haiombwi.”

“Na jina ile ilishuka,” Madame akasema, kama hakusikia. “Ilishuka mpaka kwa kaka yangu. Ku shule balimucheka sana.”

Akacheka tena ile kicheko ya kukanyagwa mguu, halafu akauliza papa kama anakunywa chai na maziwa, na papa akasema ndiyo, juu ya heshima, na akaikunywa yote, na ninajua vile anaichukia.

Pardon, miye sikuomba, na yeye hakuniomba. Mardi yenye ilifuata nilikuta karatasi kubwa imelala juu ya meza, imeshikwa na volumes ine za dictionnaire, na kalamu ya wino pembeni. Mikono yake haikuweza tena kazi ile. “Uandike weye,” akasema. “Na maandishi ya zamani, ile yako ya ordonnance.” Papa alikuwa amemuambia.

Niliandika kutoka chini kupanda juu, batoto ba kaka, kaka, baba yao, tate, ninapanda, wino inakauka, ninapanda tena. Ilichukua mardi mbili. Alikaa pembeni yangu na macho amefunga na hakunisukuma. Nilipofika kwa kijana nikasimama. Juu yake kulikuwa nafasi.

“Mufumaji ninamuweka?” nikauliza, na ninakiri, nilikuwa tayari kugombana tena.

“Unamuweka.”

“Mustari ya namna gani? Bengine banatia pointillés, nukta-nukta, kama si damu.”

“Nilisema pointillés?”

“Na niandike nini ku mustari? Beau-père?”

“Nilifanya traduction maisha yangu yote, jeune homme. Ninajua neno yenye ninataka. Andika baba.”

Nikaandika, kwa Kiingereza ya zamani, na h yenye mukia mureeefu. Nilipomaliza nilipuliza wino, halafu nikakumbuka.

“Na ule wa damu, Madame? Bwana wa kwanza?”

“Kuna nafasi pembeni?”

“Kidogo.”

“Mutie pale. Na umuandike vizuri. Yeye hakufanya kosa, alikufa tu.”

Nikakamata tena kalamu. Jina yake ilichukua muda murefu kupita ya bengine bote.